Jinsi ya kuzuia mafuta ya kwenye seli zako yasichache, na ya jikoni pia

Shangazi yangu wa Mbagala kanipigia simu Jumapili moja usiku, salamu hata hazijaisha kaniuliza, mwanangu, ivi hizi antioksidanti, vile vitu vinavyozuia oksijeni isichachishe mafuta ya mwilini, zinasafisha seli kweli? Kumbe kuna mama wa kwenye kikoba chao kamuuzia kopo la kapsuli kwa laki na ishirini, kamwambia zinatoa sumu kwenye seli, zinarudisha ujana, na presha nayo itashuka yenyewe. Na shangazi ashaanza kuruka siku za dawa za presha ili "zisigongane". Hapo ndo nikakaa kitako. Nikamwambia shangazi dawa za presha endelea nazo leo leo, hayo mengine nakuja tuongee. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari ya Mbagala nikiwa na kichupa cha haidrojeni peroksaidi kutoka duka la dawa na maini kidogo kwenye mfuko. Kemia niliisoma, kazi nayofanya saivi haihusiani nayo kabisa, lakini siku hiyo ilinifaa.

Nawaandikia nilichomwonyesha yeye, maana najua kila familia ina shangazi wa hivi, na wengine ndo sisi wenyewe.

Anza na pua yako. Chukua chupa mbili ndogo, tia mafuta ya alizeti mpaka nusu ya kila chupa, moja ifunge vizuri uweke kabatini gizani, nyingine iache wazi dirishani jua linapopiga, afu zisahau wiki tatu nne hivi. Ukija kunusa utakuta ya dirishani inanukia kama rangi ya mafuta ya kupaka milango, au kama karanga za zamani zilizosahaulika kwenye mfuko. Kwa shangazi sikuhitaji kusubiri, kulikuwa na dumu la lita tano limebaki robo, linakaa dirishani pale pale juu ya jiko, na harufu ilikuwa tayari. Hiyo harufu ndo mada yetu yote. Mafuta yamekutana na oksijeni na mwanga na joto, yamechacha. Na mwilini mwako kila seli imezungushiwa utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta ya ukoo huo huo, tabaka mbili zimegeukiana, na unaishi humo na oksijeni na joto la digrii 37 masaa 24. Maajabu sio kwamba tunazeeka, maajabu ni kwamba hatuchachi wote kwa wiki moja.

Sasa inachachaje. Kuna vipande vya kemikali vinaitwa radikali huru, ni molekuli iliyopungukiwa na elektroni moja kwenye jozi kwahiyo haina utulivu, inanyang'anya kwa jirani. Fikiria shughuli ya uswahilini viti vimepungua. Mmoja kanyanyuka kwenda kuchukua pilau, akirudi kiti chake kimebebwa, basi na yeye anabeba cha mwenzie, yule akirudi anabeba cha mwingine, mpaka mstari mzima wako wima wanagombana. Kwenye utando iko hivo hivo, radikali moja inapora haidrojeni kwenye mkia wa asidi ya mafuta, ule mkia unageuka radikali, unadaka oksijeni, unapora kwa jirani yake, na safari inaendelea. Mikia inayoporwa kirahisi ni ile yenye mikunjo mingi, yani mafuta laini yasiyoganda. Asidi ya oleiki, ile iliyojaa kwenye zeituni na parachichi, ina mkunjo mmoja tu na inachacha polepole mno, kama mara 40 polepole kuliko asidi ya linoleiki iliyojaa kwenye alizeti ya kawaida. Na yale mafuta ya samaki yanayoitwa DHA, ambayo ubongo na macho yetu yamejaa, yanachacha kama mara nane haraka kuliko hiyo linoleiki.

Mkia ukishaporwa na kukatika, utando unapoteza ulaini wake, unaanza kuvuja, milango ya protini iliyokaa humo inakwama, na vile vipande vilivyokatika navyo ni sumu, vinaganda kwenye protini na kwenye DNA. Mabaki ambayo seli imeshindwa kuyasaga yanajikusanya miaka na miaka kama takataka ya rangi ya kahawia inayoitwa lipofuskini, hasa kwenye moyo na mishipa ya fahamu ambako seli hazibadilishwi badilishwi. (Sio yale madoa ya mikononi kwa wazee, yale ni rangi ya ngozi kwa sababu ya jua, watu wanachanganya sana.)

Wazo kwamba uzee unatokana na hizi radikali alilitoa Mmarekani mmoja, Denham Harman, mwaka 1956, na kwa muda mrefu watu walilibeba kama jibu la mwisho. Saivi halibebwi hivo. Panya wa maabara waliotengenezwa wawe na vimeng'enya vya ulinzi (protini zinazoendesha kazi za kemia mwilini) zaidi ya kawaida, wengi wao hawakuishi zaidi ya wenzao. Lakini halikutupwa pia. Angalia njiwa na panya wa maabara, uzito unakaribiana, panya akijitahidi sana anafika miaka minne mitano, njiwa anaweza kugonga 35. Moja ya tofauti zao ni kwamba tando za njiwa zina mafuta yasiyochacha kirahisi, na mitokondria zake, yani zile jenereta ndogo ndani ya seli, zinavujisha radikali chache. Kwahiyo kuchacha ni sehemu ya uzee, sio uzee wote, na ukikutana na mtu anakuuzia uzee wote kwenye kopo moja ondoka taratibu.

Sasa maini. Kata vipande viwili vidogo, kimoja kichemshe mpaka kiive, kingine kiache kibichi. Viweke kwenye visosi, dondoshea ile peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Kibichi kitatoa povu jeupe hapo hapo kama omo, kilichoiva kitakaa kimya. Shangazi alishtuka kweli, akasema "we mtoto umeweka nini humo". Sijaweka kitu. Haidrojeni peroksaidi hata mwili wako unaitengeneza kila sekunde, ni moshi wa jenereta zile, na kwenye maini kuna kimeng'enya kinaitwa katalesi kinachoipasua iwe maji na oksijeni, povu ndo hiyo oksijeni. Ukichemsha umekiua. Hayo maini ya majaribio usile, na peroksaidi usinywe, nasema kwa sababu nimeshaona watu wanashauriana kuinywa.

Somo la hapo ni kwamba ulinzi mkubwa mwili unajitengenezea wenyewe. Mbele kabisa kuna kimeng'enya kinaitwa supaoksaidi dismutesi, iligunduliwa 1969, inashika radikali ya kwanza kabisa inayovuja na kuigeuza kuwa peroksaidi, afu katalesi na glutathioni, molekuli ndogo ya ulinzi ambayo seli zinajitengenezea, wanamalizia. Ndani ya utando wenyewe anakaa vitamini E. Huyu ni yule mjomba kwenye shughuli anayesema chukueni kiti changu, mi ntaegemea ukuta, na ugomvi unaishia kwake kwa sababu yeye kusimama hakumsumbui. Vitamini C inakuja kumletea kiti kingine ili aweze kutoa tena. Ndo maana wajomba hawahitaji kuwa wengi, molekuli moja ya vitamini E inalinda kama elfu moja au zaidi za mafuta, mradi wanaoleta viti wapo. Pia kuna kimeng'enya chenye madini ya seleniamu kinachokuja kurekebisha mikia iliyokwisha kuchacha, na mikia iliyoharibika zaidi inakatwa na kuwekwa mipya. Tatizo ni kwamba umri ukienda uvujaji unaongezeka na mafundi wanachoka.

Kwahiyo ufanyeje. Mi nianze jikoni maana ndo kwenye uharibifu tunaoulipia kwa pesa zetu.

Mafuta ya kupima kwa Mangi, angalia dumu lake linakaa wapi. Kama liko nje kibarazani linapigwa jua kutwa na ni jeupe linaonyesha ndani, nenda duka la mbele. Nunua kiasi cha wiki mbili hadi mwezi, sio dumu la lita 20 kwa sababu tu limeshuka bei, isipokuwa una familia ya kulimaliza. Ukifika nalo nyumbani hamishia kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka juu, maana nafasi tupu ndani ya chupa ni oksijeni, funga, weka kabatini mbali na jiko. Joto la Dar halikupi msamaha, kitu ambacho Njombe kingekaa miezi hapa kinachacha mapema. Na ukinunua mapya usiyamimine juu ya yale ya zamani yaliyobaki, watu wengi tunafanya hivi tukidhani tunaokoa, kumbe yale ya zamani yana mbegu za kuchacha na yanaambukiza mapya kwa ule ule mchezo wa viti. Osha chupa, kausha, ndo uweke.

Kwenye kukaanga ndo balaa lenyewe. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi yanajaa vile vipande vya sumu nilivyosema, na chipsi inayanyonya. Utayajua yamekufa ukiona yamekuwa mazito na meusi, yanatoa povu jingi jembamba hata viazi havijazama, yanatoa moshi mapema, na mdomoni yanaacha ukakasi. Nyumbani ukishakaangia chuja mabaki, weka gizani, rudia mara moja mbili kwa kitu kidogo basi, afu mwaga, na usimwage sinki. Karai lenye kutu badilisha au lisugue, chuma kinaharakisha kuchacha vibaya sana. Mihogo ya Coco Beach na chipsi mayai sikukatazi, hata mi nakula, ila simama pale karibu uangalie karai kabla hujaagiza, muuzaji anayebadilisha mafuta utamjua kwa rangi tu.

Mafuta gani sasa? Kwa kukaanga kwa moto mkali alizeti ya kawaida ndo inayochacha upesi, mawese yaliyosafishwa na ya nazi yanavumilia, lakini hapo kuna mtego, kwa sababu hayo yanayovumilia yamejaa mafuta magumu yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Jibu langu ni kupunguza kukaanga kwenyewe, na alizeti ya Singida uiweke mwishoni au kwa moto mdogo kwenye mboga. Alizeti pamoja na udhaifu wake imekuja na mlinzi wake, kijiko kikubwa kimoja kina miligramu 5 hadi 6 za vitamini E, na mtu mzima anahitaji 15 kwa siku. Yale mawese mekundu ya Kigoma nayo yana vitamini E ya kutosha na ile rangi ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ila ukiyachoma mpaka yawe meupe umechoma ulichonunua.

Na asije mtu akasema basi tuache samaki kwa kuwa mafuta yake yanachacha haraka. Hapana. Ubongo unayahitaji na moyo unayapenda, we hakikisha tu ni mabichi. Nenda Feri asubuhi, macho ya samaki yawe yanang'aa, dagaa wanunue wakavu wasio na rangi ya njano ya kutu na harufu kali, ile njano ndo kuchacha kwenyewe. Dagaa na samaki na mayai ndo seleniamu yako pia.

Karanga ni nzuri kwa vitamini E, kuliko korosho kwa mbali japo korosho ndo zenye heshima. Zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, sumukuvu sio mchezo, na karanga za kusaga nunua kopo dogo.

Vitamini C watu wanaitafuta kwenye vidonge vya kumumunya wakati pera moja la wastani linakupa mahitaji ya siku nzima na kubaki, mtu mzima anahitaji miligramu 75 mwanamke na 90 mwanaume, mvutaji sigara aongeze 35. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu hakuna haja ya hotuba. Ubuyu mweupe wa unga upo vizuri, ule mwekundu wa pakti ni peremende. Mchicha uoshe kabla ya kukata, sio baada, upike haraka kwa maji kidogo na usimwage maji, na kuutia nazi bibi zetu walikuwa sahihi kabisa, karotini haiingii mwilini bila mafuta. Kisamvu peke yake ndo usikiharakishe, kile lazima kitwangwe na kuchemshwa sana kwa sababu ya sumu yake, vitamini C yake isahau tu.

Kuna na vitu vinavyokula walinzi wako. Sigara ni namba moja, kila mvuto unashusha radikali moja kwa moja kwenye mapafu, na moshi wa mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha nao umo, pikia nje au barazani. Sukari ya damu iliyoachwa juu, nayo. Mkorogo nao niuseme, maana baadhi una zebaki, na zebaki inakamata glutathioni na seleniamu, yani inawafunga kamba walinzi wenyewe, na kwenye vipodozi imepigwa marufuku nchini lakini bado unaipata. Madini ya chuma usimeze kwa kujiamulia, chuma kilichozidi mwilini kinafanya kazi ya lile karai la kutu. Lakini mjamzito uliepewa vidonge vya damu kliniki, meza kama ulivyoambiwa, hayakuhusu haya.

Tembea. Hapa kuna utata mtamu. Ukifanya mazoezi mwili unatoa radikali nyingi zaidi, na hizo ndo kengele ya kuamsha mafundi waongeze vimeng'enya. Mwaka 2009 Ujerumani walichukua vijana wakawafanyisha mazoezi wiki nne, nusu wakimeza vitamini C gramu moja na vitamini E vipimo 400 (vile vinavyoandikwa IU kwenye kopo) kila siku, na waliomeza ndo waliokosa faida ambayo wenzao waliipata, yani insulini kufanya kazi vizuri zaidi ya kushusha sukari. Walikuwa wamezima kengele. Shangazi anatoka Kizuiani mpaka Rangi Tatu kwa miguu kwenda sokoni, nikamwambia hiyo ndo kapsuli.

Na kapsuli zenyewe? Zimepimwa kwa watu wengi sana, sio kwamba hazijapimwa. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, majibu yakatoka 1994, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani utafiti mwingine wa namna hiyo ulisimamishwa mapema 1996 kwa sababu hiyo hiyo. 2011 ikaonekana wanaume waliomeza vitamini E vipimo 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Seleniamu ikizidi nywele zinakatika na kucha zinavunjika. Mahali ambapo kapsuli zimefaa ni kwa wazee wenye ugonjwa wa retina (sehemu ya nyuma ya jicho) wa uzeeni uliokwishafika katikati, mchanganyiko maalum wenye zinki ulipunguza kuendelea kwake kwa kama asilimia 25, lakini hiyo anaandika daktari wa macho baada ya kukuangalia, sio mtu wa kikoba.

Kingine, kama unatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, vitamini E ya kiwango kikubwa inaweza kukutoa damu, mwambie daktari. Na kama kwenu kuna mtu ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao huku kwenye malaria sio wa kutafuta kwa tochi, chembe zake nyekundu za damu hazina akiba ya kumrudishia glutathioni nguvu, kwahiyo dawa kama primakwini au dapsoni zinaweza kupasua tando za hizo chembe mpaka mkojo ukawa kama kokakola. Huyo akiandikiwa dawa yoyote ataje hali yake kwanza, na akiona mkojo huo aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kesho.

Shangazi alisikiliza yote, akafunika kopo, akauliza kama yule mama atamrudishia hela. Nikamwambia sidhani. Akasema basi angalau dumu la mafuta ndo nilihamishe, akalibeba mwenyewe kutoka dirishani, akanusa tena, akalimwaga kwenye shimo la takataka nyuma, afu akanituma kwa Mangi na chupa ya nusu lita.